Mstari Ulioanguka Alhamisi

Maji yakianza kuingia kwenye tangi tupu hupiga kelele kabla ya kutulia, na hadi leo nikisikia sauti hiyo huona haya. Wenzangu hushangilia kwamba maji yamerudi.

Nilikuwa darasa la saba, tukiishi mtaa wa Satellite, kwenye ploti ya nyumba sita zilizotegemea tangi moja jeusi juu ya mnara wa vyuma. Mwalimu wa hesabu alitupa kazi: pima kitu kinachopanda na kushuka, kila jioni kwa wiki mbili, kisha uchore grafu. Kikipanda, alisema, kasi ya badiliko ni chanya. Kikishuka ni hasi, na kikishuka haraka mstari huporomoka. Nikachagua maji yetu.

Mama alinikataza kupanda ngazi bila mtu kuishika. Aliyekubali kuishika ni Mama Mutua, jirani aliyefulia watu nguo, mikono ikinukia sabuni ya mche hata Jumapili kanisani. "Panda polepole, mwalimu," alinitania, nami nikatumbukiza ufito wenye alama hadi chini. Nilipanda siku mbili tu. Ya tatu kulikuwa na kipindi kitamu kwenye televisheni, na jamani, uvivu nao ni ugonjwa! Siku zilizobaki nilizipika mezani nikinywa chai.

Jumanne, siku ya mgao wa maji, niliupandisha mstari. Siku nyingine nikaushusha sentimita kumi, kumi, kumi. Ulipoonekana umenyooka mno niliogopa mwalimu atashtuka, kwa hivyo Alhamisi zote mbili nikauangusha sentimita arobaini. Basi tu, upendeze.

Nilipata kumi kwa kumi. Mama akaitembeza grafu ploti nzima, hadi kwa landilodi, mwenye ploti, mama mmoja mkali aliyelalamika kwa miezi kwamba kuna mtu anatumalizia maji. Landilodi akaweka kidole pale mstari ulipoanguka.

"Alhamisi! Na ni nani hufua hapa Alhamisi?"

Mama Mutua aliapa kwamba maji ya kufulia alinunua kwa wauza maji wa mkokoteni. Landilodi hakumsikiliza. Alinigeukia mimi.

"Wewe, ulipima mwenyewe? Kila siku?"

Mama alikuwa akinitazama kwa fahari. Mama Mutua pia alinitazama, kwa muda mrefu.

"Ndiyo," nikasema.

Mama Mutua hakubisha tena. Mwisho wa mwezi alifukuzwa, godoro limekunjwa juu ya mkokoteni, mwanawe Mutua akifuata nyuma na beseni. Maji yaliendelea kuisha vilevile.

Mwaka jana nilimkuta Mama Mutua kwenye soko la Ngara, akiuza mitumba ya watoto. Alinikumbatia, akaniita mwalimu. Nilikuwa nimejizoeza kuomba msamaha kwa miaka mingi, maneno yote tayari, lakini alinitangulia akicheka:

"Na siku hizi nani anakushikia ngazi?"

Ngazi aliishika mara mbili tu! Siku ile uani alijua kabisa nilipanda mara ngapi, na neno lake moja lingeniumbua mbele ya mama yangu. Miaka yote nilidhani nilimdanganya yeye pia, kumbe aliniona, akanihurumia, akaondoka na beseni lake.

"Mama Mutua, ile grafu..."

"Wacha hayo," akanikata. "Chagua sweta, mtoto wako asipate baridi."

Sina mtoto. Nilichagua la kijani.