Miswaki Myekundu ya Baba

Mwezi wa saba, upepo ukivuma kutoka upande wa mikorosho, harufu ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho, huingia mpaka bafuni kwangu hapa Masasi. Juzi asubuhi iliingia nikiwa nimeshika mswaki wa binti yangu, nywele za mswaki wenyewe zimelala huku na huku, nataka kuutupa. Daktari wa meno alishatuambia kwamba miezi mitatu inatosha, au hata kabla ya hapo nywele zikianza kupinda. Katika jambo hili mimi ni mtiifu kupita kiasi. Mume wangu hunitania kwamba nabadilisha miswaki mara nyingi kuliko khanga. Lakini juzi nilisimama na ule mswaki mkononi mpaka chai ikapoa mezani. Sababu yake sijapata kumwambia yeye, nawaambia ninyi.

Nilikuwa na miaka saba, tunakaa Kitangari, baba alipovuka kwenda Msumbiji kutafuta kazi. Siku ya kuondoka aliniinamia akanipa mswaki mwekundu wa dukani. "Somoe, utunze mpaka nirudi," akasema. Nami nilikuwa mtoto wa kushika neno. Nilisugua meno asubuhi na jioni kwa maji ya nusu kikombe, maana maji yetu yalifuatwa bondeni na mama hakutaka tone limwagike bure, kisha nikauchomeka mswaki wangu kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda. Mwaka ukaisha, wa pili nao ukaisha. Mswaki ulifumuka kama kichwa cha mtu aliyetoka usingizini, fizi zikawa zinatoa damu, na mimi naona fahari tupu. Mama yeye alitumia mswaki wa mti. Kila asubuhi alikata kijiti kipya, akakitafuna ncha, akasugua, akakitupa. Nilimcheka. Nilimwambia wa kwangu ni wa dukani, wake wa porini.

"Huo ushachoka, Somoe wangu," alikuwa akinitania. "Utakuumiza fizi. Nikutafutie mwingine?"

"Baba hajarudi," nilimjibu kila mara, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ukaja msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili unga ushike. Mama aliazima bomba la kupulizia kwa jirani, na bomba lile lilikuwa limeziba. Kwetu mswaki uliochoka hautupwi, huenda kusugulia bomba. Kila nyumba ilifanya hivyo, na mama aliona miaka miwili imetosha kabisa. Niliporudi kutoka shule nikaukuta mswaki wa baba umelala juu ya bomba, umekuwa wa njano.

Sikulia. Niliufuta kwenye gauni la shule, nikautia mdomoni, nikasugua kwa hasira zangu zote ili mama aone. Aliona. Mdomo uliwaka, macho yakabubujika, nikakohoa mpaka nikatapika. Mama ndiyo kwanza alikuwa ametua ndoo kutoka bondeni. Alinishika kichwa, akanisukutua mdomo kata baada ya kata, akaniosha ulimi kwa kidole chake mwenyewe, mpaka ndoo ikabaki tupu na uwanja wetu ukawa tope.

Nilipopata sauti nikamwambia, "Ndiyo maana baba harudi. Kila kitu chake unakitupa."

Nilisubiri kofi, halikuja. Mama aliutazama ule uwanja uliolowa, akaokota ndoo na kata, akashuka tena bondeni, mara ya pili siku hiyo. Hakuniangalia.

Mavuno yalipoanza nikakuta mswaki mpya juu ya mkeka wangu, mwekundu vilevile. "Katuma baba'ako," mama akasema huku akimenya muhogo. "Anasema usizidi miezi mitatu. Ukichoka atatuma mwingine." Na kweli, kila baada ya miezi mitatu uliingia mwingine, mwekundu, mpaka nikamaliza shule ya msingi. Darasa zima lilijua kwamba baba yangu yuko mbali lakini hasahau meno yangu. Jioni nilimwombea dua kwa sauti, nikimshukuru kwa miswaki, na mama kutoka jikoni akaitikia amina. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini mtu anayeweza kutuma mswaki hajui kutuma salamu.

Baba nilimwona tena kwenye arobaini ya mama. Alikuwa na mvi, amekaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni ambaye hakualikwa. Nilimwamkia, nikampelekea chai, na kwa kuwa nilikuwa na majonzi na nataka kuwa na mzazi mmoja aliyebaki, nikamshukuru kwa miswaki yote ile.

Alikiweka kikombe mkekani.

"Miswaki ipi, mwanangu?" akauliza. "Mimi nakumbuka mmoja tu. Na huo aliununua mama'ako kule Newala, akanipa siku ile naondoka. Akaniambia, mpe mtoto wewe, asije akakukumbuka mikono mitupu."

Nilirudi jikoni, sikuweza kumwandalia mtu mwingine chai. Juu ya ukingo wa dirisha kulikuwa na kijiti cha mama, kimekauka, ncha yake imetafunwa. Yeye aliyetupa kijiti kila asubuhi, hiki cha mwisho hakuwahi kukitupa.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa. Nilikuwa nikimpelekea mama sukari, mchele, khanga, hata godoro. Mswaki sikumpelekea hata mmoja. Nilidhani anapenda vijiti.