Mawe ya Bao Kutoka Bahari ya Kati

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Jumapili, niliinama nikaokota jiwe moja dogo la kijivu, na aibu iliyofuata nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu hujifunika uso kwa kofia.

Mnajua nilikuwa wapi. Ushirika wetu wa maseremala hapa Kariakoo ulinichagua nikajifunze mashine za kuranda mbao katika nchi rafiki, pwani ya Bahari ya Kati, na jioni ya kuniaga, barazani Mtaa wa Mchikichi, Mshindo (huyu huyu anayenifunga bao kila Ijumaa) alisema mbele ya watu, "Fundi, usituletee kalenda. Komwe zetu za kuchezea bao watoto wamezimaliza. Tuletee kete za Ulaya!" Nikajibu, "Nitaleta." Watu wote walisikia.

Jumapili ile wenyeji walitupeleka kwenye hifadhi yao ya pwani, msitu wa misonobari unaoshuka mpaka majini. Wenzangu wakaenda kutazama ndege, lakini mimi nilikuwa nimesoma katika kitabu cha jiografia kwamba bahari ile haipwi wala haijai ila kidogo sana, nikaona nihakikishe mwenyewe, kwa hiyo nikachomeka kijiti ukingoni mwa maji nikakaa kusubiri. Nilisubiri muda ambao pale Magogoni maji yangekuwa yameshaniacha mbali, na kijiti bado kimelowa palepale. Ndipo nikayaona mawe: ya mviringo, laini, yamelingana kama yamechaguliwa. Kete za bao ni sitini na nne, na suti yangu ya Kaunda ina mifuko minne, basi nikatia kumi na sita kila mfuko ili koti lisiende upande.

Halikwenda upande, lilikwenda chini. Mlinzi, mama mmoja mwenye kofia ya kijani, akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu, na kiongozi wetu wa msafara, Ndugu Mkude, aliyeijua lugha yao, akaja mbio.

"Fundi, una nini humo?"

"Mawe."

"Mawe! Kwani kwenu hakuna mawe?"

"Yapo, Ndugu, ila si ya kipimo hiki."

Akanieleza kwamba katika hifadhi ile hata ganda la konokono haliondoki, na faini ipo. Mfukoni mwa shati nilikuwa na akiba ya posho ya kununulia keekee ya kutobolea mbao, nami nilikuwa nimechoka kuazima keekee za watu. Mama yule akauliza mawe ni ya kazi gani, Mkude akasema tu "mchezo", nikaona hilo halitoshi, akielewa bao lenyewe atanisamehe. Nikaruka kamba iliyofungwa kwenye vigingi (nilidhani ya kuanikia nyavu), nikapiga magoti kwenye mchanga laini, nikaanza kuchimba mashimo kwa mpango, manane kila safu. Nilikuwa safu ya tatu ilipopulizwa filimbi.

"Toka hapo!" Mkude alipiga kelele. "Kasa wanataga hapo!"

Wageni wote wakajaa kwenye kamba, wengine na kamera. Mama yule akalala kifudifudi akipapasa mashimo yangu moja moja, nami, badala ya kunyamaza, nikasema, "Ndugu, hebu muulize, mayai hukaa kina gani?"

"Fundi, funga mdomo!"

Lakini mama alikuwa ameelewa. Akanionyesha mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Mashimo yangu yalikuwa ya kina cha kidole, basi mayai yamesalimika, nikashusha pumzi. Hata hivyo niliandikiwa faini mbili, moja ya mawe na moja ya mashimo, kisha nikamwaga mifuko yote minne mbele ya umati, huku bwana mmoja akinipiga picha.

Niliporudi, Mshindo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umelipa, na mawe umeyaacha?"

"Nimeyaacha."

"Yaani huku nakufunga mimi, na kule umefungwa na kasa!"

Chekeni tu. Tangu siku ile, nikiwa ugenini natembea mikono nyuma, na kamba yoyote nikiiona nauliza kwanza ni ya nini. Posho yote ya keekee ilibaki kule, na kwa fedha yetu ni shilingi sitini na tano.