Kocha Anayewashikisha Mabeki Viazi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, giza la Desemba halijaondoka, na Ghislain Delobelle yuko katikati ya uwanja wa Berquemont akiukandamiza uma wa shamba kwa buti. Anachoma, anatikisa, anachomoa, anasogea hatua moja. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, na matundu hayo ndiyo njia ya kuyapeleka maji chini.

Nyuma yake wamejipanga watu wapatao thelathini, kila mmoja na uma wake wa nyumbani. Paroko yumo, na mwokaji mikate aliyeiacha tanuri yake ikiwaka.

Saa tatu atafika mkaguzi wa shirikisho. Akiukataa uwanja, mechi ya Kombe la Ufaransa itahamia kwa wageni, timu ya kulipwa ya daraja la pili, kilomita mia na arobaini kutoka hapa. Berquemont wako madaraja manne chini yao na hawajawahi kufika raundi hii tangu klabu ianzishwe.

"Kwao tutafungwa sita," anasema Ghislain bila kuinua kichwa. "Hapa wakitaka kutufunga, itabidi wachafuke kwanza."

Ghislain ana miaka 47. Ni mfanyakazi wa halmashauri ya kijiji: anakata nyasi, anazoa taka, na akifa mtu anachimba kaburi, kwa yuro 1,650 kwa mwezi. Kazi ya ukocha hailipi hata senti. Ujira wake ni supu ya vitunguu ya Madam Odette Carlier, mwenyekiti wa klabu, ambaye siku za mechi huvua uenyekiti, akafunga aproni na kukaanga chipsi kibandani.

Zamani Ghislain alilipwa, na vizuri. Alikuwa beki wa kati wa Valmery, klabu iliyomchukua akiwa na miaka kumi na saba. Alicheza mechi 212, na mashabiki walimwita Mlango kwa sababu hakuwa akipitika.

Kisha ikaja siku ya mwisho ya msimu mmoja, miaka ishirini na moja iliyopita. Valmery walihitaji sare tu wapande daraja la kwanza. Dakika ya themanini na nane mshambuliaji alimpiga chenga ndani ya boksi, na Ghislain akamshika jezi.

"Sikuamua," anasema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Niliona kitambaa kwenye vidole vyangu nikajiuliza kimefikaje."

Ikawa penalti, ikawa bao, na Valmery wakabaki walipokuwa. Msimu uliofuata alizomewa na mashabiki wake mwenyewe kila alipogusa mpira, mpaka mama yake akaacha kwenda uwanjani. Goti likafuata, kisha klabu ndogo, kisha ndogo zaidi. Akiwa na miaka thelathini na mitatu alirudi Berquemont alikozaliwa, akaomba kazi ya kukata nyasi.

Mkono ule hakuusahau. Ndiyo maana mabeki wa Berquemont hufanya mazoezi wakiwa na kiazi kila mkono, vibichi, vya shamba la Fernand, mumewe Odette. Mwenye kiazi mkononi hawezi kuvuta jezi. Inambidi akimbie, asome mchezo, ajipange mapema. Anayeangusha kiazi humenya gunia zima la viazi vya chipsi Jumapili. Timu za jirani huwaita wauza mbogamboga, na Ghislain huwaacha wacheke.

Thibaut Lemaire, beki wa miaka 22 anayekamua ng'ombe, amemenya magunia kumi na moja msimu huu. Anakiri kwamba jikoni kwa Odette anajulikana kuliko paka.

Saa tatu kasoro robo uwanja ulikuwa umekunywa maji karibu yote, isipokuwa kona ya upande wa shule. Hapo ndipo Fernand alipopata wazo. Alileta trekta na tangi lake la kumwagia samadi mashambani, akaingiza bomba kwenye dimbwi na kulifyonza lote kwa dakika kumi. Watu walimpigia makofi, kisha mmoja baada ya mwingine wakaziba pua.

"Fernand," mkewe akamwita kutoka kibandani, "hilo tangi ulilisuuza?"

"Nililisuuza, mama."

"Lini?"

Fernand akaanza kulikagua gurudumu.

Mkaguzi alishuka garini, akasimama, akavuta pumzi na kujuta. Aliushika mpira usawa wa bega na kuuachia katikati ya uwanja; ukadunda. Akaenda boksi moja, akaenda la pili. Mwisho akafika ile kona. Ghislain akashika uma wake kama mtu anayesubiri hukumu. Mpira ukaanguka, ukasita, ukadunda kidogo, lakini ulidunda.

"Harufu haimo kwenye kanuni," alisema mkaguzi, akatia sahihi.

Saa nane na nusu walikuwapo watazamaji elfu mbili katika kijiji cha watu mia tisa. Wageni walimiliki mpira, Berquemont wakamiliki matope. Dakika ya sabini na moja ilipigwa kona, kipa wa wageni akateleza, na mchezaji wa Berquemont, fundi bomba wa kijiji, akaupiga kichwa mpaka wavuni. Paroko alimkumbatia mwokaji, na chipsi zikaungua bila mtu kujali.

Kisha ikaja dakika ya themanini na tisa. Mshambuliaji wa wageni alimpiga chenga Thibaut ndani ya boksi. Jezi yake ilikuwa pale, sentimita chache tu kutoka kwenye mkono wa kijana. Kando ya mstari Ghislain aliiona siku yake yote ikirudi. Alipaza sauti neno moja.

"Viazi!"

Thibaut akakunja ngumi. Akapiga hatua mbili, akajitupa kwenye matope, mpira ukamgonga pajani ukatoka nje. Refa alinyoosha mkono kuonyesha kona. Dakika tano baadaye alipuliza filimbi ya mwisho, na kijiji kizima kikamwagika uwanjani.

Kibandani, Thibaut ananuka kama zizi na hataki kuoga. "Kocha, ile jezi ilikuwa puani kwangu," anasema. "Ningeivuta, hata bibi yangu angenielewa."

"Bibi yako angekuelewa," anajibu Ghislain. "Valmery hawakunielewa mimi."

Droo ya raundi ijayo ni kesho jioni. Ndipo klabu za daraja la kwanza zinapoingia, na Valmery, waliopanda hatimaye miaka sita iliyopita, wamo. Odette anawataka matajiri wa Paris, kwa ajili ya kibanda. Ghislain anawataka Valmery, na anawataka hapahapa.

Je, ni kisasi? Anatikisa kichwa, anaifuta mikono yake kwenye suruali, malengelenge kila kiganja.

"Kisasi cha nini, na mimi ndiye niliyewakosea? Nataka waje, wale chipsi za Odette, na ikifika dakika ya themanini na nane waitazame mikono ya mabeki wangu."