Fundi Pete wa Mbinga

Fundi pete wa Mbinga hawashi moto kwa kuharakishwa. Edina, aliyetumwa na kaka yake kuleta pete ya ndoa iliyokatika asubuhi ileile ya harusi, alisimama akimtazama mama yule fundi akifungua madirisha, akifunga nywele kwa kitambaa, kisha akichungulia maji kwenye mashine yake, ile inayoyatenganisha kuwa hidrojeni na oksijeni, gesi za kuwashia moto wake. Akakagua na kichupa kinachozuia moto usirudi ndani ya mpira wa gesi. Mwisho akapaka povu la sabuni kwenye maungio, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

“Mama, padri ameshavaa, na wageni kutoka Namswea wameshakaa,” Edina alisihi.

“Kwaya itaongeza wimbo.”

Povu likaanza kuvimba mahali pamoja. Gesi ilikuwa inavuja. Fundi akazima mashine, akamtoa Edina nje, wakasubiri hewa isafike. Waliporudi ndani, fundi akakaza maungio na kupaka sabuni upya; safari hii povu lilitulia. Akavaa miwani myeusi, akawasha. Moto mwembamba kama sindano ukagusa pete, lehemu ikayeyuka, ufa ukafungika. Mikono yake haikutikisika hata kidogo.

Alipozima, Edina aliiona ikitetemeka mapajani.

“Unaumwa, mama?”

“Hapana, mwanangu. Naogopa. Moto ukiwaka woga unanisubiri, nikizima ndipo unapokuja. Wewe nenda, wanakungoja.”

Pete ilikuwa imeshapoa, lakini Edina hakwenda. Aliishika mikono ile mpaka ikatulia.