Mama Mkwe, Bastola Mbili na Kioo cha Pikapu

Siku mama mkwe alipopasua kwa risasi kioo cha pikapu mpya ya baba mkwe, hakuna aliyethubutu kucheka.

Isipokuwa mimi. Na nililipia kwa jicho nililokatwa.

Ilikuwa Oklahoma, shambani kwao. Mimi nimeoa pale, kwa hiyo kazi yangu ni kula, kukaa kimya na kubeba vitu vizito.

Wiki hiyo mwizi alikuwa ameingia hadi jikoni. Baba mkwe, mzee Royce, alikuwa safarini na lori lake. Mama Nelda alikuwa peke yake. Mbwa alibweka, jamaa akatoka nduki, lakini mama hakupata usingizi tena.

"Nataka bastola yangu mwenyewe," akasema mezani Royce aliporudi.

Weee! Ungedhani kamwaga petroli kwenye moto.

"Bastola ya fotifaivu," akasema Royce. "Risasi nene. Mtu akipigwa nayo anakaa chini."

Mdogo wake, Delbert, akaguna. "Kaka, hayo ni mambo ya babu zetu. Siku hizi ni bastola ya tisa milimita. Inazama vilevile, inabeba risasi nyingi, na haipigi teke mkononi."

"Tisa ni ya kuulia panya!"

"Basi simama mbele yake, wewe si panya."

Mama Nelda akaendelea kukata nyama. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka ipi.

Jumamosi tukaenda nyuma ya shamba, kwenye tuta la udongo. Royce alileta vipande viwili vya jeli ngumu, ile ya kupimia risasi inazama kiasi gani, akaviweka juu ya meza na kuvifunika kwa matambaa ya jinzi mfano wa mtu aliyevaa. Pikapu akaiacha palepale kando ya meza.

"Isogeze, baba," nikamwambia.

"Nani atakosa shabaha kubwa hivi?"

Akafyatua fotifaivu. Delbert akafyatua tisa. Wote walitumia risasi zenye tundu kwenye ncha, zile zinazochanua zikigonga.

Tukapima. Ya Royce ilichanua zaidi kidogo. Ya Delbert ilizama zaidi kidogo. Kidogo kiasi kwamba waligombania utepe wa kupimia kama watoto.

"Umeukunja!"

"Macho yako ndiyo yamekunjika!"

"Nipeni nijaribu," akasema mama.

Akaanza na tisa. Pa, pa, pa! Zote katikati ya jeli. Delbert akacheza kidogo.

Akachukua fotifaivu. Ya kwanza, jeli. Ya pili...

Kacha!

Kioo cha pembeni cha pikapu kikageuka chengachenga.

"Ooh jamani," mama akasema kwa sauti ndogo, akishika mkono. "Inarusha mkono sana hii."

Royce akaenda kukitazama kioo chake kama anayetazama maiti.

"Basi anunuliwe tisa," akasema mwishowe.

Delbert akamsindikiza akimpa pole za kinafiki. Nikabaki na mama tukiokota maganda ya risasi.

"Pole, mama. Ile bastola ni nzito."

Akanitazama. Akaichukua fotifaivu, akalenga kopo la soda juu ya tuta, mbali kuliko meza ilivyokuwa. Pa! Kopo likaruka. Akalipiga tena likiwa linabingirika.

Nikageuka kuitazama pikapu.

"Mama... kwa hiyo kile kioo?"

"Kwani nilikosa?"

"Lakini kwa nini?"

"Mwaka mzima namwambia komeo la mlango wa jikoni limekufa. Mwaka mzima! Anasema hela hakuna. Akanunua pikapu." Akafuta mikono kwenye aproni. "Mwizi hakuvunja kitu, mwanangu. Alisukuma tu."

Ndipo nikacheka. Royce akageuka kule mbali akanikata jicho. Mama akainamisha uso, mnyonge kabisa.

Jioni ile tulipokuwa tunakula, Delbert bado akijisifia tisa yake, mama akaanza kulalamika kwamba kiganja kinamuuma, usiku hataweza hata kusukumia meza kwenye mlango wa jikoni. Royce akainuka, akachukua bisibisi, akapiga magoti mlangoni kulitengeneza komeo.

Wanangu, bishaneni risasi ipi inaua vizuri mpaka mkauke koo. Ila kwanza, fungeni mlango. Na mkiona mwanamke aliyetulia amekosa shabaha, angalieni vizuri amepiga nini.