Ndia, Si Mlango

"Chini," akasema Umulkheir. "Nimekwambia chini, sakafuni."

Mahmud, mumewe, alikuwa amesimama mbele ya ukuta na mtaimbo mkononi, ameuelekeza usawa wa kifua chake. Akamjibu kuwa tundu likiwa juu ni dirisha, na dirisha halina mashaka. Likiwa chini litafanana na mlango, na mlango ukifunguka, ndoa imekwenda.

"Na mimi nitapandaje dirishani, Bwana? Niruke kama panzi?"

"Utamuona. Mtatazamana."

"Mama amelala chumba cha ndani, hatazamiki. Nataka kumshika mkono."

Walikuwa wakibishana hivyo tangu kifungua kinywa, na jua sasa liko utosini. Ng'ambo ya ukuta ule Bi Radhiya, mama wa Umulkheir, alikuwa katika pumzi za mwisho. Baina ya mama na binti palikuwa na hatua saba.

Nitawaeleza nyumba zile, maana bila nyumba hakuna kisa. Katika mtaa ule wa Amu nyumba za mawe zilikaribiana hata paka wa hapo wakizaliwa wembamba. Babake Umulkheir alimjengea bintiye nyumba ya ghorofa mkabala na ya mamake, na kati ya ghorofa mbili hizo akatia wikio, yaani chumba kinachopita juu ya ndia ya mtaa kikaunga nyumba na nyumba, ili wanawake watembeleane bila kuteremka na kuonwa na kila apitaye.

Umulkheir alikuwa mwanamke mkubwa, mnene wa heshima. Akicheka, sahani za zidakani ukutani ziligongana. Homa ya uzazi wa kwanza ilimchukulia mtoto, na ilipoondoka ikaondoka na miguu yote miwili. Walidhani atakufa kwa huzuni. Yeye akaomba mkeka. Akakaa juu yake, akajisota kwa mikono, na kwa kuwa sakafu ile ya chokaa ilikuwa laini kama shavu la bibi harusi, mkeka uliteleza. Akapita wikioni hata kwa mamake. Huko wakachambua mchele, wakawasengenya majirani kwa zamu, na kabla ya alasiri amerudi. Hindu, mwanamke msukaji mikeka wa Kipungani, aliapa kuwa bibi yule alimaliza mikeka kumi na minne kwa mwaka, na kwamba kule kwao mikoma ya kusukia iliota kwa haraka ili isichelewe. Kisa hiki nimekipata kwa Hindu. Chumvi aliyoisahau nimeitia mimi.

Kilichoharibu mambo ni meno. Siku moja Bi Radhiya alipita wikioni bila hodi, akamkuta mkwewe Mahmud amelala kinywa wazi. Mama yule hakuwa na adabu ya macho. Akayahesabu meno yake, na kufika magharibi mtaa mzima ulijua yamebaki kumi na tisa. Barazani wanaume wakamuuliza Mahmud habari za yale mengine, kama yamesafiri. Akarudi nyumbani, akasimama penye mlango wa wikio, akatamka maneno ambayo mtu mwenye akili huyameza: "Mlango huu ukifunguliwa tena, mke wangu ana talaka tatu."

Kesho yake akaleta mwashi. Mbao zikang'olewa, pakajazwa matumbawe na chokaa. Hasira zilimwisha kabla ya chokaa kukauka. Kiapo hakikumwisha. Na jinga lile halikukumbuka kuwa nyumba ni ya mke, kwamba talaka ikipita, anayetoka ni yeye na mkoba wake.

Mwanzoni mama alizunguka kwa ndia ya chini, akapanda ngazi ishirini na tatu za bintiye. Kisha pumu ikamshika, ngazi zikamshinda. Na binti naye? Zamani walikuwapo wanawake wawili wa kumbeba, Tausi na Mrashi, watumwa wa nyumba. Serikali ilipotangaza kuwa hakuna tena mtumwa, walikunja nguo zao wakaenda Mkokoni kulima shamba lao wenyewe. Hakuna aliyewalaumu ila waliozoea kubebwa. Kuwaita wachukuzi wa gatini wamshike mke wa mtu mapajani, hilo halikutajika. Mahmud alijaribu kumbeba mwenyewe. Alikuwa mwembamba hata kusi likivuma akitembea ameshika kuta. Penye kona ya ngazi magoti yalimkatika, na kama si upana wa mkewe uliokwama baina ya kuta mbili, wote wawili wangalikwenda.

Mara moja Umulkheir alijaribu peke yake, mumewe hayupo. Akakaa kwenye ngazi ya juu, akajishusha moja, ya pili, ya tatu. Ya nne mkono ukateguka. Hakuweza kushuka wala kupanda. Alikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, akisikia sauti ya mamake kutoka dirisha la ng'ambo ikiuliza kama mwanawe amekula. Akajibu kuwa amekula. Mahmud alipomkuta alikuwa amejikojolea.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo Kulthum, binamu wa Umulkheir aliyekuwa akimuuguza Bi Radhiya, alipokuja kusema mama hali chakula tena, na kila akizinduka anamwita Umulkheir, anashangaa mbona haji, kwani amekasirika?

Umulkheir akataka ukuta uvunjwe saa ileile. Mahmud akasema kiapo. Mkewe akasema basi aitwe Mwalimu Jeilani, aliyefundisha Kurani chuoni pale mtaani. Mwalimu akaja, akakaa chini, dakani penye mlango wa nyumba. Umulkheir hakungoja mumewe amsemee. Alijisota hata kwenye kichwa cha ngazi, akavuta ushungi, akasema naye kutoka juu.

"Mwalimu, muyi huu wa Amu umejengwa kwa ajili ya miguu. Nyumba ni ngazi, misikiti ni vizingiti, gatini ni ngazi. Mahmud aliapia mlango. Mimi mlango siutaki, nataka ndia."

Mwalimu alikuwa mtu wa polepole. Akiulizwa saa, hutazama kwanza kama jua ni lilelile la jana. Akaomba siku tatu atazame vitabu vyake. Siku ya kwanza mama aliacha uji. Siku ya pili aliacha maji. Siku ya tatu Mwalimu akarudi na jibu: mlango ni mahali mtu mzima hupita amesimama. Mahali pa kutambaa tu, yeye hawezi kupaita mlango. Kama alisema sawa Mungu ndiye ajuaye, ila Umulkheir alicheka kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, maana katika muyi mzima jibu lile lilimtosha yeye peke yake.

Ndivyo tulivyofika kwenye mtaimbo na kifua cha Mahmud. Jibu amelisikia kwa masikio yake, na bado anaogopa.

"Mwalimu amesema pa kutambaa," Umulkheir akamwambia. "Nani hutambaa dirishani?"

Mahmud akasema labda Mwalimu amekosea, labda wangemuuliza na mwingine, labda kesho.

"Kesho mama yangu hana." Akamshika pindo la kikoi. "Niache basi. Niache sasa hivi kwa ulimi wako, zote tatu, kisha vunja. Nimeridhika."

Mahmud akaketi sakafuni. "Nikikuacha, nani atakubeba kwenda chooni?"

Hilo hakulitarajia. Nadhani hata yeye Mahmud hakulitarajia, maana alificha uso. Umulkheir akatazama kando, kisha akamsukumia mtaimbo kwa kiganja.

"Piga, Bwana."

Akapiga. Chini, sakafuni. Chokaa ikapasuka, jiwe la kwanza likatoka, kisha la pili, kisha vumbi jingi. Umulkheir akalala kifudifudi akapitisha mkono hata bega likagusa ukuta. Hewa ya upande wa pili ilikuwa baridi. Akapapasa sakafu ya kwendea kwa mamake.

"Panua."

"Imetosha. Ikizidi itakuwa mlango."

"Kwa nani imetosha? Kwa paka? Ongeza huku, na huku."

Mahmud akasema ataongeza shubiri moja, wala si zaidi. Yeye akasema shubiri tatu, mabega yake hayakuumbwa na Mwalimu. Mahmud akasema moja na nusu. Yeye akavuta mkono ndani, akaanza kubomoa kwa kucha, damu ikichanganyika na chokaa, akimwambia apime, apime mabega yake kwa mtaimbo aone. Mahmud akauinua, akaulaza mgongoni pa mkewe, akasema kama ni hivyo basi shubiri mbili, na kama Mwalimu akiuliza—

Kulthum akaingia. Hakupiga hodi. Alikuwa amezunguka kwa ndia ya chini, amepanda ngazi zote, ushungi umemshuka mabegani. Mikono yake ilikuwa imelowa, inanuka kafuri ya maiti.