Mama Moshi na Gesi Isiyoungua

Kazini walimwita Mama Moshi, ingawa watoto hakuwa nao na moshi wenyewe hauonekani. Miaka sita alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yenye feni inayokoroma, akikokotoa gesi inayoingia kwenye injini za kuzalisha umeme na kutoka vilevile, haijaungua. Majirani wakimuuliza mama yake binti anafanya kazi gani, hujibu, "Mambo ya kompyuta," kisha hubadili mazungumzo kwa kuuliza habari za wagonjwa wao.

Hesabu yenyewe si uchawi. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna upenyo mwembamba kuliko ukucha. Gesi hujibanza humo, moto ukashindwa kuifuata, kisha ikatoroka pamoja na moshi. Mama Moshi aliijenga injini namba tatu yote ndani ya kompyuta, upenyo kwa upenyo. Kompyuta ikasema: kila sehemu mia za gesi, nne zinatoroka. Kipimo cha kwenye bomba la moshi kikasema mbili na nusu.

Meneja alinyoosha tai, kama afanyavyo kabla ya kusema lolote. "Kipimo ni chuma. Yako ni picha. Rekebisha picha."

Akarekebisha wiki tatu. Kila alipoilazimisha ifike mbili na nusu, injini ya kwenye kompyuta iligoma kuwaka. Hakuilaumu, hata yeye asingewaka.

Mwishowe akaweka hesabu zake kando, akasoma takwimu za kipimo safu kwa safu. Oksijeni ilikuwa nyingi mno kwa moshi wa injini. Akavaa kofia ngumu, akashuka chumba cha mitambo.

Fundi mkuu, aliyebakiza miezi michache astaafu, alikuwa anafuta spana.

"Shikamoo, mzee!" Mama Moshi alipaza sauti juu ya mngurumo.

"Marahaba! Umepotea njia?"

"Nataka kuona kibomba kinachopeleka moshi kwenye kipimo."

Wakakifuata hadi nyuma ya ngazi. Hapo kwenye kona kilikuwa kimefungwa utepe mweusi, umekauka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Kipimo kilikuwa kinanyonya moshi, na njiani kinauchanganya na hewa ya chumbani, ndiyo maana gesi ilisomeka kidogo.

"Nani kafunga hivi?" fundi akauliza kwa ukali. Akaugeuza utepe kwa kidole. "Ni mimi. Miaka minne iliyopita. Nilisema ni wa siku mbili, kibomba kipya kikija tubadilishe."

"Kilikuja?"

"Kilikuja. Kiko stoo."

Wakakibadilisha. Kipimo kikasoma tatu nukta tisa.

Meneja alinyoosha tai mara mbili. Ripoti za miaka minne zilikwishapelekwa mamlaka ya mazingira. "Na tukinyamaza?"

"Tutanyamaza tukijua," Mama Moshi alisema.

Barua ya masahihisho aliiandika yeye. Fundi akamwomba aongeze sentensi moja: "Andika utepe nilifunga mimi. Wasije wakamsingizia mtu." Mamlaka ikatoa onyo na miezi sita ya kurekebisha. Zikaagizwa pistoni za upenyo mdogo zaidi. Kompyuta ilibashiri mbili nukta saba, zilipofungwa kipimo kikasoma mbili nukta nane.

Meneja akauliza hiyo nukta moja imetoka wapi.

"Bado sijajua," akamjibu, akachukua kofia.